Baridi Chini ya Dashibodi: Historia Fupi ya AC Kwenye Pikapu za Zamani

Baba mkubwa ana pikapu ya Peugeot 504 ya mwaka 1984. Imebeba saruji, mbuzi, magunia ya mkaa, majeneza mawili na bibi harusi mmoja. Miaka yote hiyo AC yake ilikuwa vioo viwili vya kuzungusha kwa mkono. Ukitaka upepo, zungusha. Ukikwama kwenye foleni ya Tazara mwezi wa pili, zungusha usizungushe, joto ni lile lile. Hakuna aliyelalamika, maana pikapu ni chombo cha kazi kama jembe.

Halafu mama mkubwa akafanyiwa upasuaji wa moyo. Daktari akampangia kliniki kila baada ya wiki mbili na akasema asikae kwenye joto kali. Gari la nyumbani ni hilo hilo moja. Watoto wakashauri liuzwe, kinunuliwe kigari kidogo chenye AC. Baba mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Tutaiweka AC humu humu.” Mimi nikateuliwa kuwa mshika tochi.

Siku ya kwanza gereji kulitokea ubishi. Fundi alitaka kukata dashibodi ili mtambo ukae ndani, usionekane. “Mzee, itatoka kama ya kiwandani,” alisema. Baba mkubwa akajibu, “Kijana, dashibodi hiyo haikatwi. Tafuta pengine.” Fundi akacheka, akasema basi itabidi mtambo uning'inie chini ya dashibodi, pale miguuni, kama kisanduku. Ikawa hivyo. Nilidhani ni ubishi wa wazee tu. Baadaye, nikisoma historia ya kitu hiki, nikagundua kwamba baba mkubwa na fundi wake walikuwa wamelifikia suluhisho lile lile walilolifikia watu wa Texas miaka ya 1950, na kwa sababu zinazofanana.

Tuanze mwanzo. Mtambo wa kupoza hewa haukutengenezwa kwa ajili ya mtu, ulitengenezwa kwa ajili ya karatasi. Mwaka 1902 kiwanda kimoja cha uchapaji huko Brooklyn, New York, kilikuwa na shida ya unyevu: karatasi zinavimba na kusinyaa kulingana na hewa, rangi hazikai mahali pake. Mhandisi kijana, Willis Carrier, akachora mtambo wa kupitisha hewa juu ya mabomba ya baridi ili unyevu ugande na kuchujika. Baridi ilikuja kama nyongeza. Ukiona maji yanadondoka chini ya gari lililowashwa AC, ujue unaiona kazi ile ya mwanzo bado inaendelea.

Magari yalichelewa. Kabla ya AC yenyewe, Wamarekani wa majangwani, Arizona na New Mexico, walikuwa wakifunga kopo kubwa la bati kwenye dirisha la abiria. Ndani kulikuwa na maji na kitu cha kuyafyonza. Gari likikimbia, upepo unapita kwenye ule unyevu na kuingia ndani ukiwa umepoa. Sisi tunaijua kanuni hiyo tangu zamani: ni mtungi wa udongo. Maji yanapokauka kwenye ngozi ya mtungi yanaondoka na joto. Tatizo la mtungi ni kwamba unahitaji hewa kavu. Dodoma unafanya kazi vizuri, lakini Dar es Salaam wakati wa kaskazi, hewa ikiwa imeshashiba maji, kopo lile lingekuongezea jasho tu.

Mwaka 1939 kampuni ya Packard ikaonyesha gari la kwanza la kununuliwa dukani likiwa na AC ya kweli, kwa nyongeza ya dola 274. Mtambo ulijaza sehemu kubwa ya buti. Haukuwa na klachi ya kuukata, kwa hiyo ukitaka kuuzima kabisa unasimamisha gari, unafungua boneti, unatoa mkanda kwa mkono. Hebu fikiria unafanya hivyo umevaa suti. Wateja hawakuwa wengi na baada ya muda mfupi Packard wakaachana nao. Vita ikaingia, na habari ya baridi ikawekwa pembeni.

Ikarudi mwaka 1953, Chrysler na General Motors walipoanza kuuza AC kwenye magari yao makubwa ya kifahari. Bado mtambo ulikaa kwenye buti, na hewa ya baridi ilipandishwa kwa mirija nyuma ya vichwa vya abiria. Mwaka 1954 Nash wakaja na mpangilio tunaoujua leo, kila kitu mbele, kwenye injini na dashibodi.

Sasa angalia jambo moja ambalo vitabu vingi vinalipita haraka. Mtambo wa kwenye buti una maana gani kwa mtu wa pikapu? Pikapu haina buti. Ina kichwa kidogo cha bati, kiti kimoja kirefu, na nyuma ni wazi. Zaidi ya hapo, wakubwa wa viwanda walikuwa Detroit, mji wa theluji, na waliiona AC kama anasa ya tajiri mwenye gari refu. Mkulima wa pamba wa Texas, anayeendesha Chevrolet au Ford kwenye jua la nyuzi 38, hakuwa kwenye hesabu yao.

Waliomweka kwenye hesabu walikuwa majirani zake. Dallas na Fort Worth zikawa makao ya kampuni ndogo zilizotengeneza AC za kufungwa baadaye: A.R.A., Frigikar, Mark IV. Mtambo wao ulikuwa kisanduku cha chuma chenye feni na matundu ya kupulizia, kinachoning'inia chini ya dashibodi juu ya magoti ya abiria. Kompresa inafungwa pembeni ya injini kwa breketi na kuzungushwa na mkanda, kondensa inakaa mbele ya rejeta, mipira miwili inapenya ukuta wa injini, kazi imekwisha. Hukati dashibodi. Ukiuza gari, unaweza kuufungua mtambo na kuuhamishia lingine.

Mark IV ndiyo iliyonivutia zaidi. Ilitengenezwa na John E. Mitchell Company ya Dallas, kampuni ambayo kazi yake ya asili ilikuwa mashine za kusafishia pamba kwenye jineri. Si ajabu: watu waliozoea mabati, feni na mikanda, wanaoishi kwenye joto, wakaona shida iliyo mbele yao wakaikabili. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyotengeneza pia mashine za kinywaji cha barafu cha ICEE. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Kijapani ya Sankyo, iliyowahi kutengeneza taa za dainamo za baiskeli, ikachukua leseni ya kutengeneza kompresa za magari kutoka kwa hao hao Mitchell. Sankyo leo inaitwa Sanden. Nenda kwa fundi AC yeyote Gerezani, mtajie Sanden, atakuonyesha moja mezani, moja kwenye ndoo, na nyingine anayokuuzia kwa “bei ya kwako.” Kompresa iliyofungwa kwenye pikapu ya baba mkubwa ni Sanden iliyotumika. Ina damu ya jineri ya pamba ndani yake.

Viwanda vikubwa vilikuja kufuata. Mwaka 1965 Chevrolet wakaanza kutoa AC ya kiwandani kwenye pikapu zao. Kufikia 1969 zaidi ya nusu ya magari mapya ya Marekani yalikuwa na AC. Kisanduku cha chini ya dashibodi kikaanza kuonekana cha kishamba. Kisha pikapu zile za zamani zenyewe zikageuka kuwa mali ya kupendwa, na mwaka 1976 Jack Chisenhall akaanzisha Vintage Air huko San Antonio, tena Texas, kutengeneza mitambo ya kujificha nyuma ya dashibodi za magari ya zamani. Kuanzia hapo ubishi wa gereji yetu umekuwa ubishi wa dunia: uifiche baridi au uionyeshe? Wako wanaosema gari la zamani likiguswa limeharibika. Wako wanaosema gari lisiloendeshwa kwa sababu ya joto limeshakufa tayari. Mimi niko na hawa wa pili, ingawa nakubali tundu likishatobolewa halirudi.

Lakini historia hii ina upande mwingine, na wenyewe si wa kuchekesha.

AC inafanya kazi kama ile spiriti anayokupaka nesi kabla ya sindano: kimiminika kinapogeuka mvuke kinaondoka na joto la ngozi. Kompresa inakamua gesi, gesi inapata moto, kondensa inaipoza mpaka inakuwa maji, kisha inapitishwa kwenye tundu jembamba na kupanuka ghafla ndani ya kisanduku, na hapo ndipo baridi inapozaliwa. Kila kitu kinategemea gesi gani umeweka. Majokofu ya kwanza yalitumia gesi zenye sumu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mkemia wa General Motors, Thomas Midgley, na wenzake wakapata gesi isiyowaka wala kudhuru pumzi, ikaitwa Freon. Mwaka 1930 Midgley aliivuta mapafuni mbele ya wanakemia wenzake, akaipuliza juu ya mshumaa, ukazimika. Ni Midgley huyo huyo aliyegundua mwaka 1921 kwamba risasi kwenye petroli inazuia injini kugonga. Mtu mmoja, zawadi mbili, na dunia ikalipia zote mbili.

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo zikipanda juu angani zinaivunja ozoni, lile tabaka linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1985 wanasayansi Waingereza wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika inapungua vibaya. Mwaka 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal. Gesi ya zamani ya magari, R-12, ikaanza kuondolewa, na katikati ya miaka ya 1990 magari mapya yalikuwa yamehamia R-134a. Hiyo haili ozoni, ila inapasha dunia joto: kilo moja yake ina nguvu ya zaidi ya kilo 1,300 za hewa ukaa. Ndiyo maana Oktoba 2016 mataifa yalikutana tena, safari hii hapa jirani, Kigali, wakakubaliana kupunguza gesi za jamii hii nazo. Sehemu muhimu ya historia ya baridi imeandikwa Rwanda.

Sasa rudi gereji. Yule fundi wa kwanza alifunga vizuri kwa macho. Akajaza gesi, ikapuliza baridi, tukalipa. Siku ya tatu ikaanza vituko: dakika kumi baridi, kisha joto, zima, subiri, washa, baridi tena. Baada ya wiki mbili ikawa joto moja kwa moja. Siku ya kliniki mama mkubwa alifika hospitali akiwa amelowa jasho, mkono umeshika kifua, na hakusema neno. Baba mkubwa naye hakusema neno. Ile safari ya kurudi nyumbani siisahau.

Fundi wa pili, mtu mzima wa Gerezani, alisikiliza maelezo bila kufungua boneti. “Maji,” akasema. Mwenzake hakuvuta hewa kwenye mfumo kabla ya kujaza gesi. Unyevu ukabaki ndani, ukifika kwenye lile tundu jembamba unaganda barafu, njia inaziba. Ukizima barafu inayeyuka. Tena mipira ilikuwa ya aina ya zamani, ambayo R-134a hupenya taratibu na kutoroka. Alibadilisha mipira na kichujio cha unyevu, akaweka oili inayoendana na gesi, akafunga pampu ya kuvuta hewa na kuiacha inanguruma karibu saa nzima huku sisi tukinywa chai. Kisha akaweka mtungi wa gesi juu ya mizani na kujaza kwa uzito. “Wanaojaza kwa kubahatisha,” aliniambia, “wanakuuzia gesi ya kupeleka hewani.” Sikumtajia Kigali. Alikuwa ameshafika huko kwa njia yake.

Aliongeza mambo matatu ambayo hakuna aliyeyaomba: alteneta yenye nguvu zaidi, feni ya umeme mbele ya kondensa ili injini isichemke kwenye foleni, na kapeti nzito juu, chini ya bati la paa. “Kichwa cha pikapu ni sufuria, mzee,” alimwambia baba mkubwa. “Usipoziba jua, unapoza Dar es Salaam nzima.”

Jumanne iliyofuata tulikwenda kliniki watatu, mimi katikati, kisanduku kikinipuliza magotini. Tazara palikuwa pamefunga kama kawaida. Mama mkubwa alisinzia. Baba mkubwa alimtazama, akaona kanga imemteremka begani, akadhani baridi imezidi, akanyoosha mkono kuzima.

“Iache,” akasema mama mkubwa bila kufumbua macho.