Njia ya Mtakatifu Yakobo Humalizika Wapi?

Upande wa magharibi wa Hispania, karibu na bahari kuu, kuna nchi iitwayo Galicia. Ni nchi ya mvua nyingi, ya vijiji vidogo na mashamba ya mahindi, na ghala zake husimama juu ya nguzo za mawe ili panya wasipande. Kati ya mashamba hayo hupita njia ambayo Wakristu wameikanyaga kwa miaka zaidi ya elfu moja. Huishia katika mji wa Santiago de Compostela, yaani mji wa Mtakatifu Yakobo. Leo twataka kuuliza: mwenye kuifuata njia hiyo pamoja na watu wa nyumba yake, safari yake humalizika wapi?

Tuanze na Mtume mwenyewe. Yakobo alikuwa mwana wa Zebedayo na ndugu wa Yohana. Mfalme Herode Agripa alimwua kwa upanga karibu mwaka 44, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume. Mapokeo ya Hispania yasema kwamba wanafunzi wake waliuchukua mwili wake kwa merikebu mpaka Galicia, wakauzika huko, na kaburi likasahauliwa. Karibu mwaka 830 askofu Teodomiro alitangaza kwamba limeonekana, naye mfalme Alfonso wa Pili akajenga kanisa mahali pale. Wenye elimu ya historia hawapatani juu ya mifupa ile. Lakini Teodomiro alikuwa mtu wa kweli: mwaka 1955 jiwe la kaburi lake lilichimbuliwa chini ya kanisa kuu, nalo laonyesha kwamba alikufa mwaka 847.

Basi watu wakaanza kuja, wa Ufaransa, wa Italia, wa Ujerumani. Kanisa kuu tulionalo leo lilianzwa mwaka 1075, likawekwa wakfu mwaka 1211. Safari ilikuwa ya taabu: theluji milimani, mito isiyo na daraja, wanyang’anyi. Kwa hiyo wengi, kabla ya kuondoka, waliungama, wakalipa madeni, wakaandika wasia, maana hawakujua kama watarudi.

Mwaka 1341 Birgitta wa Uswidi, mama wa watoto wanane, aliondoka kwao pamoja na mume wake Ulf. Wakafika Compostela, wakasali, wakashika njia ya kurudi. Walipofika Arras, kaskazini ya Ufaransa, Ulf akashikwa na ugonjwa mkali, karibu ya kufa. Akapona, wakafika kwao, lakini hawakuwa tena watu wale wale. Ulf akaenda kukaa karibu na watawa wa Alvastra, akafa huko mwaka 1344. Birgitta akayatoa maisha yake yote kwa Mungu, akaanzisha shirika la watawa, na mwaka 1391 Kanisa likamtangaza mtakatifu. Binti yao Katarina naye huheshimiwa kama mtakatifu. Tazameni basi: kwa nyumba ile, kaburi la Mtume lilikuwa katikati ya njia. Matunda yalionekana nyumbani.

Baadaye hija ikapoa. Mwaka 1589, kwa kuogopa merikebu za vita za Waingereza, mifupa ya Mtume ilifichwa, nayo haikuonekana tena mpaka mwaka 1879. Hata miaka ya 1970 watembeao kwa miguu walikuwa wachache sana. Ndipo padri mmoja wa shamba, Elías Valiña, paroko wa O Cebreiro juu milimani, alipochukua rangi ya manjano akachora mishale kwenye mawe na miti, ili mgeni asipotee. Mishale hiyo ingaliko. Mwaka 1982 Papa Yohane Paulo wa Pili alikwenda kusali Compostela, akarudi tena mwaka 1989 pamoja na vijana. Na mwaka 2024 karibu watu 500,000 walipewa cheti cha hija.

Cheti hicho hupewa mtu aliyetembea kilometa 100 kwa uchache. Kwa hiyo baba na mama wengi, pamoja na watoto, huanzia Sarria, kama kilometa 115, wakatembea siku tano au sita. Mwendo huwa ni wa yule aliye dhaifu. Mwenye nguvu hujifunza kungoja. Karibu na mji kuna kilima kiitwacho Mlima wa Furaha. Zamani, katika kundi la mahujaji, aliyetangulia kuiona minara ya kanisa kutoka huko aliitwa mfalme. Wakiisha kufika, huungama, husikiliza Misa, huikumbatia sanamu ya Mtume nyuma ya altare, kisha hushuka kaburini. Na aliyetembea kwa ajili ya mgonjwa au marehemu aweza kuomba jina lake liandikwe katika cheti.

Lakini wale wa zamani walirudi kwa miguu. Walikuwa na miezi mingine ya kutafakari waliyoyaahidi. Wa leo hupanda treni au ndege, na kesho yake wako kazini. Nusu ya hija imepotea, nayo yapasa kutembewa nyumbani. Mtoto aliyengojewa njiani, atangojewa pia mezani na katika masomo? Mume aliyembebea mkewe mzigo mlimani, ataubeba pia jikoni? Cheti kinaning’inia ukutani, lakini hakiwezi kujibu.

Nasi tutembeao kutoka vijijini mpaka misioni siku za Noeli na Pasaka, tujiulize vilevile. Njia ya kwenda kanisani twaijua. Mungu atutazama hasa katika njia ya kurudi.