Malai Yalikwenda Wapi?

Mwaka juzi, mwezi Aprili, mama alikuja kunitembelea Minneapolis kutoka Moshi. Safari ndefu ya ndege ilimvuruga tumbo, na dawa aliyoitaka ni ile ile aliyokuwa akitupa sisi wanawe: bakuli la maziwa mgando yasiyotiwa kitu. Nikamwambia hilo dogo mama, supamaketi iko hapo tu mtaa wa pili.

Jokofu la yogati lilikuwa refu kama ukuta wa darasa. Kulikuwa na yogati ya stroberi, ya pichi, ya vanila, ya kahawa, nyingine zimewekewa vipande vya biskuti juu ya mfuniko. Nikawa nageuza kopo moja moja na kumsomea. Mafuta asilimia 0. Mafuta asilimia 0. Asilimia 2. Asilimia 0 tena. Kwenye yale ya matunda nikamsomea na orodha ya vilivyomo: maziwa yaliyotolewa mafuta, sukari, wanga wa mahindi, jelatini, pektini. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, malai yake wameyapeleka wapi?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nililokuja kulipata baadaye linaanzia mbali kidogo.

Mwaka 1905, mjini Geneva, kijana wa Kibulgaria aliyekuwa akisomea udaktari, Stamen Grigorov, aliweka chini ya darubini maziwa mgando ya kwao. Akaona humo bakteria wenye umbo la vijiti, ambao baadaye walipewa jina la nchi yake, bulgaricus. Habari ikamfikia Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur, Paris, mwanasayansi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili. Metchnikoff aliamini kwamba uzee unaharakishwa na sumu zinazozalishwa tumboni, na kwamba wakulima wa Bulgaria waliishi miaka mingi kwa sababu walikunywa maziwa yaliyochacha. Jina lake lilikuwa kubwa, na Ulaya ikamsikiliza. Mwaka 1919 Isaac Carasso, Myahudi mwenye asili ya Thessaloniki, akaanza kutengeneza yogati Barcelona na kuipeleka kwenye maduka ya dawa. Akaiita Danone, kwa jina la utani la mwanawe Daniel.

Yogati ya wakati ule ilikuwa maziwa na bakteria, basi. Aliyeinunua dukani kwa mfamasia alipata kitu ambacho mama angekitambua kwa kukionja mara moja.

Daniel Carasso alikimbilia New York wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1942 yeye na wenzake wakafungua kiwanda kidogo Bronx. Huko wakakutana na ulimi mwingine kabisa. Walionunua walikuwa wahamiaji wenye asili ya Ugiriki, Uturuki na nchi za Kiarabu. Wamarekani wengine walikunja uso kwa ule uchachu. Mwaka 1947 wakaweka jamu ya stroberi chini ya kopo, na biashara ikachanganya. Hivyo utamu ndio ulioingia kwanza. Mafuta bado yalikuwemo.

Ili kuelewa yalivyotoka, lazima turudi nyuma kwenye mashine. Mwaka 1878 Msweden Gustaf de Laval alibuni chombo kinachozungusha maziwa kwa kasi mpaka malai, kwa kuwa ni mepesi, yanajitenga na kutoka kwa mrija wake. Kabla ya hapo ilibidi uyaache maziwa yatulie kwa saa nyingi ndipo uengue. Kisha mwaka 1890 Stephen Babcock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin akatoa njia rahisi ya kupima kiasi cha mafuta kwenye maziwa ya kila mkulima. Hapo mafuta yakageuka kuwa fedha. Kiwanda kiliweza kumlipa mkulima kwa mafuta aliyoleta, na malai yakaenda kwenye siagi na aiskrimu. Hata huko kwetu Afrika Mashariki, ushirika wa walowezi ulioanzishwa Kenya mwaka 1925 uliitwa Kenya Co-operative Creameries: malai, yaani cream, yamo ndani ya jina lenyewe.

Yaliyobaki, yale maziwa mepesi yenye rangi ya kuelekea bluu, hayakuwa na mwenyewe. Mengine walipewa nguruwe na ndama. Mengine yalimwagwa. Hili ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike, kwa sababu historia ya yogati mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya afya peke yake. Kulikuwa na viwanda vyenye bidhaa mbili mikononi, moja ya thamani na nyingine ya kutupwa, na ile ya kutupwa ilikuwa ikingoja mnunuzi.

Mnunuzi aliletwa na hofu. Tarehe 24 Septemba 1955, Rais Dwight Eisenhower alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa Denver, na nchi nzima ikafuatilia hali yake siku kwa siku. Wanaume wa makamo walikuwa wakianguka na kufa, na familia zilitaka kujua kwa nini. Ancel Keys, mtafiti wa Minnesota, jimbo hili hili ninaloishi, alikuwa akisema kwamba mafuta ya wanyama yanapandisha lehemu kwenye damu na kuziba mishipa ya moyo. Mwaka 1961 Shirika la Moyo la Marekani lilishauri watu wapunguze mafuta hayo. Mwaka 1977 kamati ya Seneti chini ya George McGovern ikalifanya lengo la taifa, na mwaka 1980 serikali ikatoa mwongozo wake wa kwanza wa lishe.

Siwalaumu waliokuwa na hofu. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na hata leo madaktari wana sababu ya kumwonya mtu anayepaka siagi nene asubuhi, mchana na jioni. Kosa lilikuwa kuyaweka maziwa mgando katika kapu moja na siagi na mafuta ya nguruwe, kana kwamba kuchacha hakubadilishi kitu. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa zaidi ya watu 136,000 katika nchi 21, Tanzania ikiwa mojawapo. Waliotumia maziwa na bidhaa zake zaidi ya mara mbili kwa siku walikuwa na vifo vichache na maradhi machache ya moyo na mishipa kuliko wasiotumia kabisa. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba maziwa ndiyo yaliyowalinda, lakini unatosha kuuliza kwa nini jokofu zima limejaa sifuri.

Ukiyaondoa mafuta, yogati inakuwa nyepesi, ina uchachu mkali, na maji yanajitenga juu. Ndipo wanga na jelatini vinapoitwa kushika uzito, na sukari kufunika uchachu. Halafu ukaja mtindo wa Kigiriki. Mwaka 2005 Hamdi Ulukaya, mhamiaji kutoka Uturuki, alinunua kiwanda kilichofungwa South Edmeston, jimbo la New York, na mwaka 2007 akaanza kuuza Chobani. Ile ilikuwa yogati iliyochujwa maji, nzito, yenye protini nyingi, na ilienea nchi nzima kwa miaka michache tu. Ni chakula kizuri, nami nakila. Lakini kuchuja kulifanya hata isiyo na mafuta isimame kwenye kijiko, na kazi ya mwisho iliyokuwa imebakia kwa malai, ile ya kuleta uzito, ikachukuliwa.

Kinachoniuma zaidi ni jina. Kanuni za Marekani za mwaka 1981 zilisema yogati, bila neno jingine, ni ile yenye mafuta yasiyopungua asilimia 3.25, na iliyopunguzwa ilipaswa kujitaja. Rafuni imekuwa kinyume. Ile kamili ndiyo sasa inayoandikwa kwa maneno ya ziada, na kuwekwa chini kabisa ambako inabidi upige goti.

Waswahili wa zamani walikuwa waangalifu kuliko hivyo. Leo wengi wetu tunasema mtindi na maziwa mgando kama kitu kimoja, lakini kamusi zetu za zamani zinaeleza mtindi kuwa maziwa yaliyosukwasukwa yakatolewa siagi. Yakiwa na mafuta yake yalikuwa na jina lake, na yakitolewa mafuta yalikuwa na lake. Mtu aliyetumwa mtindi hakurudi na mgando, na hakuna aliyedanganywa. Ukiingia duka kubwa la Dar es Salaam au Nairobi leo utaona vikopo vya vanila na stroberi vimepangwa mstari mmoja baada ya mwingine, na utafute mwenyewe kilicho cheupe tupu.

Jioni ile mama aliacha kubishana na jokofu. Tulinunua galoni ya maziwa yenye kifuniko chekundu, yale yasiyopunguzwa, na kikopo kimoja cha yogati isiyo na ladha. Akachemsha sufuria, akangoja hadi kidole kidogo kiweze kuvumilia moto kwa kuhesabu kumi, akakoroga kijiko kimoja cha yogati, akafunika, akaivingirisha sufuria kwenye kanga na blanketi. Asubuhi ilikuwa imeganda vizuri, ukiinamisha haitingishiki. Lakini alipofunua alinyamaza. Juu hapakuwa na utando wa malai.

Nikamweleza kwamba mafuta yamo, ila kiwandani maziwa yanapitishwa kwa nguvu kwenye matundu membamba mno mpaka matone ya mafuta yanasagika na kushindwa kupanda juu. Mfaransa Auguste Gaulin ndiye aliyebuni mashine hiyo, mwaka 1899. Mama akala bakuli lake, tumbo likatulia, ila maelezo yangu hayakumridhisha.

Jumamosi iliyofuata tukaenda soko la wakulima. Mzee mmoja alikuwa na maziwa ya chupa za kioo, yamechemshwa lakini hayakusagwa, na shingoni mwa kila chupa palikuwa na mkanda wa manjano wenye unene wa vidole viwili. Mama aliinua moja akaielekeza kwenye jua. Hakungoja tufike nyumbani. Ndani ya gari alifungua, akachota kwa kidole, akalamba.

"Kumbe yapo," alisema.