Kutoka "Wakatabahu" hadi Kiendelezi cha Kivinjari: Historia ya Mwandishi wa Niaba katika Ofisi za Afrika Mashariki

Utangulizi

Barua za Kiswahili za karne ya 19, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, zilikuwa na mwendo uliojulikana. Zilifunguliwa kwa "ila janabi" na sifa za mwandikiwa, zikaingia katika haja kwa "ama baada", na mara nyingi zikafungwa kwa "wakatabahu", yaani "na ameiandika", likifuatwa na jina la mwandishi na neno "biyadihi", kwa mkono wake. C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wa maandishi ya namna hiyo mwaka 1892, ukatumika kuwafundisha Wajerumani Kiswahili cha barua. Katika mila hii mwenye barua na mwenye mkono hawakulazimika kuwa mtu mmoja. Tajiri asiyejua kuandika alimwita anayejua, akasema haja yake, naye mwandishi akaivika maneno yanayostahili. Kumwandikia mtu kwa niaba yake, tena kwa kauli zilizokwisha tengenezwa, si jambo geni lililoletwa na tarakilishi.

Makala haya yanachunguza ugeni ulipo hasa. Yanadai kwamba kinachotoweka katika ofisi inayotumia msaidizi wa akili unde kuandika barua pepe na mihtasari ya vikao ni ule mkono unaotajwa na kuwajibika. (Istilahi "akili bandia" na "akili mnemba" bado zinashindana na "akili unde", ugomvi huo hauamuliwi hapa.)

Kikao kilichoandikwa na upande mmoja

Historia ya kanda hii ina mfano mchungu wa kikao ambacho kumbukumbu yake iliandikwa na upande mmoja, kwa lugha ambayo upande wa pili haukuisoma. Kati ya Novemba na Desemba 1884, Karl Peters na wenzake walipita Usagara, Uzigua, Unguu na Ukami wakifanya mazungumzo na watawala wa huko kupitia wakalimani. Kilichozungumzwa kilipita midomo kadhaa kabla ya kufika kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa ya Kijerumani. Tarehe 27 Februari 1885, karatasi hizo zilitiwa nguvu na hati ya ulinzi ya Kaisari huko Berlin. Kilichosemwa barazani hakikupelekwa Berlin. Kilichopelekwa ni muhtasari.

Mkataba wa Buganda wa 1900 ulikuwa wazi zaidi. Ulitamka wenyewe kwamba katika kuufasiri, matini ya Kiingereza ndiyo itakayozifunga pande zote mbili. Kwa hiyo swali la lugha ya kumbukumbu halikuwa la adabu wala la fahari, bali lilikuwa swali la ardhi.

Hati mbili hizi hazitajwi hapa ili kuilinganisha programu ya kompyuta na ukoloni. Mlinganisho wa namna hiyo ungekuwa wa pupa. Zinatajwa kwa sababu zinaonyesha utaratibu: anayeshika kalamu ya muhtasari huamua ni sehemu gani ya mazungumzo itakayoishi.

Karani, mpiga chapa na katibu mahsusi

Utawala wa Kijerumani uliendesha shughuli zake nyingi za chini kwa Kiswahili kupitia maakida na makarani. Waingereza waliendeleza matumizi hayo kwa kiasi, na kuanzia 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilisimamia usanifishaji uliotegemea Kiunguja. Lakini hatua iliyo muhimu zaidi kwa hoja hii ilikuja baada ya uhuru. Mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilielekeza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Agizo pekee lisingetosha. Alihitajika mtu wa kuliandika.

Hapa ndipo pana jambo ambalo watafiti wa sera za lugha wamelipita haraka mno. Matangazo ya kazi ya katibu mahsusi katika utumishi wa umma Tanzania yamekuwa yakidai, kwa miaka mingi, mwombaji awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika moja. Sharti hilo linaonekana kavu, lakini maana yake ni nzito. Dola iliweka kipimo cha uwezo wa mwandishi wa niaba katika Kiswahili, kwa tarakimu, sawa na kipimo cha Kiingereza, ikafungua vyuo vya kumfundisha na ikakataa kumwajiri asiyekifikia. Barua aliyoichapa ilibeba pembeni herufi za kwanza za jina la aliyeitunga na za aliyeichapa. Herufi hizo ndogo, ambazo wengi waliziona kuwa pambo la ofisi, zilikuwa wakatabahu ya mashine ya chapa. Kosa likitokea, faili lilionyesha pa kuanzia kuuliza.

Msaidizi ndani ya kivinjari

Barua pepe kati ya kompyuta mbili za mtandao wa ARPANET ilitumwa na Ray Tomlinson mwaka 1971. Kwa miongo minne iliyofuata chombo kilibadilika sana, lakini mtunzi alibaki binadamu. Mwaka 2015 kampuni ya Google ilianza kupendekeza majibu mafupi tayari katika huduma yake ya Inbox. Mwaka 2018 Gmail ikaanza kumalizia sentensi ya mwandishi. Janga la UVIKO-19 lilihamishia vikao kwenye skrini mwaka 2020, na kikao kilicho kwenye skrini tayari ni data. Baada ya ChatGPT kutolewa Novemba 2022, wasaidizi wa kutunga barua na kufupisha vikao walienea kwa haraka. Microsoft ilitangaza Copilot wa programu zake za ofisi Machi 2023.

Njia nyepesi zaidi ya kumpata msaidizi huyo ni kiendelezi, yaani programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari. Hakihitaji idhini ya kitengo cha TEHAMA wala zabuni. Ofisa hubonyeza mara mbili tu. Viendelezi vingi vya aina hii huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti anazotembelea mtumiaji. Kikipewa, husoma barua iliyo wazi, hupeleka matini kwenye seva za mtoa huduma, aghalabu nje ya kanda, na kurudisha rasimu. Katika kikao, hunasa sauti au manukuu ya skrini, kisha hutoa muhtasari na orodha ya kazi.

Faida zake ni za kweli. Ofisa anayelazimika kuandika kwa Kiingereza, lugha yake ya tatu pengine, hupata rasimu safi kwa sekunde chache. Idara isiyo na katibu hupata kumbukumbu ambayo isingekuwapo kabisa.

Tatizo huanza pale Kiswahili kinapopita humo. Nafsi ya tatu katika Kiswahili haibainishi jinsia. "Alisema atafuatilia" ikihamishiwa Kiingereza humlazimisha mfupishaji kumfanya msemaji mwanamume au mwanamke, na mashine hukisia. "Saa nne asubuhi" ni saa kumi kwa hesabu ya Kiingereza. Msaidizi aliyefunzwa zaidi kwa Kiingereza anaweza kuiweka saa nne alfajiri kwenye kalenda, na mjumbe akaalikwa kikao wakati wa kulala. Hayo huonekana na kurekebishwa. Lisiloonekana ni adabu ya kikao. Mwenyekiti anaposema "tumelisikia, tutaliangalia", wajumbe wazoefu hujua kwamba hoja huenda imezikwa kwa heshima. Katibu wa kikao aliyelelewa humo huandika "lilipokelewa". Msaidizi anaweza kuliandika kuwa kazi iliyokubaliwa, akaipa mhusika na tarehe ya mwisho. Muhtasari ukishasambazwa dakika tano baada ya kikao, bila mtu kuupinga, ndio unaokuwa kikao.

Sheria zilipo na pengo lilipo

Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022, ya Tanzania ikianza kutumika Mei 2023. Zote zinagusa usafirishaji wa taarifa binafsi nje ya mipaka, na kwa hiyo zinamgusa ofisa anayefungua faili la mwombaji kazi huku kiendelezi kikisoma. Hilo linaweza kushughulikiwa kwa vyombo vilivyopo, kama utashi upo.

Ubora wa lugha ya kumbukumbu hauna mlinzi wa namna hiyo. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999, katika ibara ya 137, uliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na kukitaka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Mwaka 2021 wakuu wa nchi waliridhia Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi pia. Uamuzi huo unaweza kutenguliwa kimyakimya na mpangilio wa awali wa programu: wajumbe wazungumze Kiswahili, muhtasari utoke kwa Kiingereza, na faili lihifadhi muhtasari. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya kitaifa yana mfano wa kuanzia, nao ni ule wa maneno 100 kwa dakika. Msaidizi anayeandika kwa niaba ya ofisi ya umma anaweza kupewa mtihani wa imla, wa muhtasari na wa saa za Kiswahili kabla ya kuruhusiwa kazini, kama alivyopewa katibu mahsusi. Na pembeni mwa kila muhtasari panaweza kurudishwa herufi zile: nani aliongoza, programu gani iliandika, toleo gani, na nani aliusoma kabla haujatumwa.

Nyaraka za umma nchini Kenya na Tanzania kwa kawaida hufunguliwa kwa watafiti baada ya miaka 30. Faili la kikao cha 2025 litafika mezani mwa mwanahistoria mwaka 2055. Atakuta Kiingereza laini kisicho na kigugumizi, vichwa vidogo na orodha ya kazi zilizokubaliwa, na ikiwa herufi za pembeni hazipo, hatakuwa na njia ya kujua kama kuna mjumbe yeyote aliyezikubali.