Mimba Zinazoharibika Mara kwa Mara: Baba Naye Ana Sehemu Yake

 

Leo tunagusa jambo ambalo wengi hulificha moyoni: mimba kuharibika mara ya pili, ya tatu, hata ya nne. Katika nyumba nyingi, hilo likitokea, macho yote humgeukia mama. Ataambiwa ana mkosi, au kwamba tumbo lake halishiki. Mumewe haulizwi lolote. Mazoea haya yametoka mbali, na hata madaktari walikuwa nayo.

Mwaka 1677, Antonie van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, Uholanzi, alitazama manii kwa hadubini akaona mbegu za kiume zikiogelea. Baada yake, baadhi ya wataalamu walidhani mtoto mzima, mdogo mno, amejikunja ndani ya mbegu ya baba, na kazi ya mama ni kumkuza tu. Ukifikiri hivyo, mimba ikitoka utalaumu shamba, hutalaumu mbegu.

Karibu miaka 200 ilipita. Mwaka 1876, Mjerumani Oscar Hertwig alieleza alivyoona, kwa wanyama wa baharini, kiini cha mbegu ya kiume kikiungana na kiini cha yai. Ikaanza kueleweka kwamba baba na mama wote huchangia mwanzo wa mtoto. Leo tunajua kila mmoja huleta kromosomu 23.

Hata hivyo, tiba iliendelea kumwelekea mama peke yake. Kuanzia miaka ya 1940, wajawazito wengi Marekani na Ulaya walipewa dawa iitwayo DES ili mimba isitoke. Mwaka 1953, madaktari wa Chicago walitoa matokeo ya uchunguzi: dawa hiyo haikusaidia. Nchini Marekani iliendelea kutolewa hadi mwaka 1971, ilipogunduliwa kwamba baadhi ya mabinti waliokuwa tumboni wakati huo walipata saratani ya uke isiyo ya kawaida. Mama alimeza dawa, binti akaumia, na baba hakupimwa.

Mwaka 2019, watafiti wa London waliwageukia wanaume. Walipima mbegu za wanaume 50 ambao wake zao walikuwa wamepoteza mimba tatu au zaidi mfululizo, wakazilinganisha na za wanaume 60 wengine. DNA katika mbegu za wale 50 ilikuwa imeharibika mara mbili zaidi. Uchunguzi huo ulikuwa mdogo, wala hausemi kila mimba inayotoka imetokana na baba. Lakini unatuonyesha kwamba mwanamume anaweza kuwa na mbegu nyingi, akampa mkewe mimba, na bado mbegu hizo zikawa na kasoro ndani.

Mama, usichukue habari hizi ukaenda kumlaumu mumeo. Karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema huwa na hitilafu ya kromosomu, na mara nyingi hiyo hutokea kwa bahati tu. Hakuna aliyekosa.

Ufanye nini basi? Mimba zikiharibika mara mbili au zaidi, nendeni hospitali wote wawili. Mweleze daktari umri wa kila mmoja, magonjwa na dawa mnazotumia. Wakati mwingine wazazi wote hupimwa damu kuangalia kromosomu. Kaswende nayo yaweza kuua mtoto tumboni, hasa mimba ikiwa imekua. Ukitibiwa peke yako, mume asiyetibiwa atakuambukiza tena.

Baba naye aache sigara, apunguze pombe na unene, na asitumie dawa za kukuza misuli. Hatuwezi kuahidi kwamba hayo pekee yatazuia mimba kutoka, lakini yanasaidia afya ya mbegu. Mbegu mpya huchukua takriban miezi mitatu kukomaa, kwa hiyo aanze kabla ya kutafuta mimba nyingine.

Na ukiwa mjamzito ukatokwa na damu, au tumbo likauma sana, usingoje kesho. Nenda hospitali mara moja.

Wengi waliopoteza mimba hatimaye wamepakata mtoto. Kikao hiki msomee mumeo jioni ya leo.