Suti Ndiyo Ishuke

Mwaka 1941 Nathan Clark, kijana wa ukoo wa watengeneza viatu wa mji wa Street, Somerset, alipelekwa Burma na jeshi la Uingereza. Huko akawaona maofisa wenzake, wakiwa nje ya zamu, wamevaa buti fupi za swedi zenye soli ya krepu, walizonunua kwenye masoko ya Cairo. Alizichora, na mwaka 1949 za kwake zikaonyeshwa kwenye maonyesho ya viatu Chicago. Basi hii buti iitwayo chukka, ya matundu mawili matatu ya kamba, inayoishia kifundoni, iliingia kabatini kwetu wanaume kama kiatu cha mapumziko. Ugomvi ulianza ilipotaka kuvaliwa na suti.

Mila ya Kiingereza ilikuwa na jibu lake: kahawia ni ya shamba, mjini ni nyeusi. Edward, Mwana Mfalme wa Wales, alipovaa viatu vya swedi chini ya suti miaka ya 1920, watu walinong'ona. Mwingereza wa shule hiyo huvaa chukka na koti la twidi na suruali ya flana au kodrai. Anapendeza, sikatai, ila hajatatua kitu. Kaikwepa suti tu.

Waitaliano walianzia juu. Katika miaka ya 1930, huko Napoli, fundi Vincenzo Attolini aliyekuwa akishona kwa Gennaro Rubinacci aliondoa pedi za mabegani na sehemu kubwa ya bitana, koti likalala mwilini kama shati. Bega likishalala, swedi haionekani ngeni tena: kitambaa na ngozi vyote viwili havina mng'aro, vyote vina ulaini wa kushikika. Gianni Agnelli, bwana mkubwa wa Fiat, alithubutu kuvaa hata buti za mlimani chini ya suti, na hakuna aliyedhani kakosa viatu. Kwa maoni yangu hoja imekwisha hapo.

Inabaki suruali, na hapa wengi huharibu. Mguu wa suruali ukibana, ukiketi pindo hupanda na kunasa kwenye mdomo wa buti. Ukisimama halishuki, unatembea na kitambaa kilichokunjamana kifundoni. Mwambie fundi aachie upana, pindo liguse juu ya kamba bila kujikunja. Rangi ya tumbaku na suti ya kijivu isiyong'aa ni salama kuliko nyeusi. Swedi nyeusi hupauka haraka ikaonekana kuukuu.

Kenya wala haikungoja Napoli. Bata wanatengeneza buti za aina hii ziitwazo Safari kule Limuru, na mtu huzivaa shambani, safarini na mjini bila kuuliza sheria ya nani. Kinachozikataa ni suti zetu: mabega yaliyojazwa pedi ngumu, kitambaa cha sintetiki kinachometameta, mkunjo mkali kama wa gwaride. Juu ya buti ya swedi suti hiyo inaonekana ya kuazima. Fundi wa mtaani anaweza kung'oa pedi hizo, na koti la pamba au kitani hupokea kazi hiyo vizuri.

Masika yakiingia, ziache nyumbani. Swedi hunywa maji, na krepu juu ya vigae vilivyolowa huteleza vibaya.