Afya ya mtu huanzia nje ya hospitali

WENGI wakisikia neno afya hufikiria daktari, dawa na kitanda cha hospitali. Hata hivyo, utafiti wa zaidi ya nusu karne unaonyesha kuwa kazi, kipato, elimu na makazi vina nguvu kubwa katika kuamua nani ataugua na nani atafariki dunia mapema.

Ushahidi unaofahamika zaidi ulitoka miongoni mwa watumishi wa Serikali ya Uingereza katika ofisi za Whitehall, jijini London. Mwaka 1967 watafiti walianza kufuatilia afya ya watumishi wanaume zaidi ya 17,000, wenye umri wa miaka 40 hadi 64.

Watumishi hao hawakuwa fukara. Wote walikuwa na ajira na mshahara, na tangu mwaka 1948 nchi hiyo ilikuwa na huduma ya afya ya taifa inayogharimiwa kwa kodi. Pamoja na hayo, katika miaka 10 kiwango cha vifo miongoni mwa matarishi, mabawabu na wenzao wa ngazi ya chini kilikuwa takriban mara tatu ya kile cha maofisa wakuu.

Waliokuwa katikati nao hawakusalimika: kadiri cheo kilivyoshuka ndivyo vifo vilivyoongezeka. Sigara, shinikizo la damu na lehemu vilieleza chini ya nusu ya tofauti ya vifo vya ugonjwa wa moyo.

Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 kwa wanaume na wanawake 10,308, ulibaini kuwa wasio na sauti juu ya namna ya kufanya kazi yao waliugua moyo zaidi. Msongo wa mawazo wa muda mrefu huufanya mwili utoe homoni za kujihami, ambazo zikidumu huweza kupandisha shinikizo la damu na sukari.

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliunda tume kuhusu suala hilo, chini ya Sir Michael Marmot, aliyeongoza utafiti huo wa pili. Miongoni mwa wajumbe walikuwa Anna Tibaijuka wa Tanzania, aliyekuwa mkuu wa UN-Habitat, na Charity Ngilu, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Kenya.

Ripoti yake ya Agosti 2008 ilitoa mfano wa Scotland: mwanamume wa Calton, mtaa wa kimaskini mjini Glasgow, alitarajiwa kuishi miaka 54, ilhali wa Lenzie, kilometa chache kutoka hapo, miaka 82.

Tume ilipendekeza kuboresha mazingira ambamo watu huzaliwa, hukua na kufanya kazi, kupunguza pengo la mamlaka, fedha na rasilimali, na kupima tofauti za afya mara kwa mara. Kwa mantiki hiyo, wanaopanga mishahara, nyumba, shule na maji nao wanashika uhai wa watu mikononi, sawa na daktari.