Kiraka Kisicho na Jina

Chundwa iko kisiwani Pate, upande wa Faza na Kizingitini. Ukitoka Lamu mjini kwa boti unapita Mkanda, kati ya Manda na bara, na hapo mwenye ratiba ni bahari: maji yakipwa, boti husubiri yajae. Ndiyo maana watu wa huko hawahitaji kuelezwa kwamba kitu kuwapo Lamu si sawa na kitu kufika Chundwa. Historia ninayoisimulia hapa ni ya dawa iliyopatikana mapema ikakawia njiani.

M-Pesa ilianza Machi 2007. Simu ya kwanza ya Android iliuzwa 2008, na miaka michache baadaye Huawei Ideos ikauzwa Kenya kwa shilingi 8,000 hivi. Taratibu simu hizi zikawafikia wavuvi na wakulima. Leo pesa za samaki, picha za harusi na maneno ya siri ya ndugu walio Mombasa au Ghuba vyote vinakaa mfukoni, ndani ya kifaa kimoja.

Kiini cha kila simu ya Android ni keneli ya Linux. Keneli ndiyo nahodha: huamua programu ipi ipate nafasi ya kumbukumbu, na ipi isiguse ya mwenzake. Kwa sehemu kubwa imeandikwa kwa lugha ya C, iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. C ina kasi, lakini humwachia mwandishi wa programu mzigo wote: ukichukua nafasi, urudishe mwenyewe, ukisharudisha, usiiguse tena.

Sasa fikiria gesti. Mgeni ameondoka, chumba kimefagiliwa na kupewa mwingine. Lakini mlinzi ana daftari lake, na humo bado imeandikwa kwamba chumba namba nne ni cha yule wa kwanza. Usiku anafungua mlango kushughulikia mambo ya mtu aliyekwisha kuondoka, na anavuruga vitu vya aliyemo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Binder, sehemu ya keneli inayopitisha ujumbe kati ya programu. Ilirudisha nafasi ya kumbukumbu iliyokwisha kazi, huku sehemu nyingine ya keneli, epoll, ikiwa bado imeshika anwani ileile. Mdukuzi akijua kupanga nini kiingie katika chumba hicho, anaweza kuifanya keneli iandike isipopaswa, hadi aitawale simu nzima: ujumbe, kamera, maikrofoni.

Kosa hilo liligunduliwa Novemba 2017 na syzbot, mtambo wa Google unaoitupia keneli amri za ovyo usiku na mchana ili kuona itajikwaa wapi. Februari 2018 kiraka kilikuwa tayari, kimeshaingizwa katika matoleo kadhaa ya keneli. Chenyewe kilikuwa kidogo tu: futa jina kwenye daftari kabla chumba hakijatolewa.

Kazi imekwisha? Wapi! Kiraka hakikupewa namba ya utambulisho wa mwanya, wala hakikutajwa katika taarifa za usalama ambazo Android hutoa kila mwezi. Simu nyingi zilizokuwa mikononi mwa watu zikabaki wazi, zikiwamo Samsung Galaxy S7, S8 na S9, Huawei P20 na Xiaomi Redmi 5A. Na kiraka kilicho hadharani husomwa na kila mtu, mwizi naye yumo.

Septemba 2019, Maddie Stone wa Project Zero, kikosi cha Google cha kusaka mianya, alifuatilia habari za silaha iliyodaiwa kutumiwa au kuuzwa na kampuni ya NSO Group ya Israel. Kampuni hiyo ilikana. Kwa dalili chache alizokuwa nazo, Stone alifika kwenye kosa lilelile la zamani. Wahusika walipewa siku saba, na mwanzoni mwa Oktoba jambo likatangazwa. Hapo ndipo mwanya ukapata jina, CVE-2019-2215, na kiraka kikaingia katika taarifa ya mwezi huo. Ilikuwa imepita miezi 20.

Tangu hapo Google imezidi kutumia lugha ya Rust, ambayo huyakataa makosa ya aina hii kabla programu haijaanza kufanya kazi. Kwa takwimu zake yenyewe, mianya ya kumbukumbu ilikuwa asilimia 76 ya mianya yote ya Android mwaka 2019; mwaka 2024 ikawa 24.

Hayo ni ya mafundi. Wewe fungua mipangilio ya simu yako, utafute tarehe ya kiraka cha usalama. Ikiwa ni kabla ya 6 Oktoba 2019, huenda chumba namba nne bado kina funguo mbili. Programu ya kurushiwa kutoka simu ya rafiki usiipokee hivihivi, maana mwanya kama huu huhitaji mlango wa kuingilia, na mara nyingi tunaufungua wenyewe.

Lakini tusimlaumu mtu bure. Kuapdeti kunakula bando, na simu ya mtumba huenda kiwanda chake kilishaacha kuitumia viraka. Mwenye simu anaweza kutaka kuiziba na asipate cha kuzibia. Vitabuni, mwanya huu uliisha Oktoba 2019. Kwenye simu kama hiyo, bado.